Nilimsafisha kwa Barua Mwalimu Aliyemharibu Mtoto Sikio

Habari zenu. Naomba jina langu lifichwe, maana Mwanza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mimi ni mama wa miaka 51, mzaliwa wa Kagera, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya binafsi huku Kiseke. Watoto wananijua kwa ukali: kucha ndefu, utoro, kaptula isiyopigwa pasi, kwa vyote hivyo sina msamaha. Ninachowasimulia leo kitawaonyesha huo ukali wangu unaishia wapi.

Dada yangu alifariki akaniachia mtoto wa miaka minne. Nitamwita Deo, siyo jina lake. Ananiita Mama, hajawahi hata siku moja kusema mama mdogo. Alisoma ualimu, nikamleta shuleni kwangu afundishe hesabu, na hesabu zikapanda kweli. Kasoro yake ilikuwa mkono mzito. Nilimwona, nikamkanya mara mbili tatu kama mzazi, sikumkanya kama mwalimu mkuu. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Mwaka jana, kwenye hesabu za kuzidisha, alimpiga kofi la sikio binti wa darasa la tano. Nitamwita Kabula. Mtoto aliogopa kusema nyumbani, akakaa na maumivu wiki nzima mpaka usaha ukaanza kutoka. Hospitali walisema upande ule hatasikia tena. Mama yake anauza dagaa sokoni. Alikuja ofisini kwangu na mtoto mkononi, na jambo la kwanza alilosema ni, "Shikamoo, mwalimu." Siku kama ile bado akanipa shikamoo!

Mwenye shule aliniambia, "Haya mambo yasitoke nje ya geti. Kijana aandike barua ya kuacha kazi, ninyi mkae na familia myamalize." Ndivyo tunavyofanya, mnajua wenyewe. Tukakaa sebuleni kwangu, mimi na Deo, mama Kabula na shemeji yake, na mzee mmoja wa kanisa. Deo alilia. Mimi nilipiga magoti mbele ya mwanamke ninayeweza kumzaa.

Akasema, "Inuka, mwalimu, unanitia aibu. Mimi sitaki kitu chenu, na polisi sitakwenda. Nataka jambo moja tu, huyu asishike tena chaki mbele ya watoto wa watu."

Nikamwahidi. Mzee wa kanisa akaomba, tukasema amina.

Deo alikaa nyumbani miezi mitano. Alikonda. Mke wake alikuwa mjamzito, na kila nikienda kuwaona namkuta Deo amelala ameangalia ukuta. Siku moja akaja, akasema, "Mama, kuna shule hapa hapa mjini, Nyakato, wananitaka, wanaomba barua yako tu."

Nimesikia kuna nchi ambako sheria inakataza shule kumwajiri mwalimu mwenye kosa kama hilo, na kosa lake linamfuata kila anakokwenda. Kwetu sijui vizuri sheria inasemaje, na sikutaka kuuliza. Ninachojua ni kwamba katikati ya Deo na watoto wa Nyakato nilikuwa nimesimama mimi peke yangu, na nikapisha. Nikaandika: ameacha kazi kwa hiari yake, ni mchapakazi, ana mapenzi na watoto. Nikagonga muhuri. Nilijiambia kijana amejifunza, na damu ni nzito kuliko maji.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ile akanipigia. Sauti ya furaha kabisa. "Dada, asante kwa yule kijana. Darasa lake unasikia hata inzi akipita. Tumemfanya mwalimu wa nidhamu, shule nzima iko mikononi mwake."

Nilisema mtandao unasumbua, nikakata simu. Mimi ni mwalimu miaka ishirini na sita, najua darasa linanyamaza hivyo kwa sababu gani.

Nilimwita Deo. Nikamwambia nataka kuwaandikia ukweli. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema taratibu, "Mama, mtoto wangu ana wiki saba. Ukiandika, mimi sifundishi tena popote, labda na jela niende. Na wewe watakuuliza kwa nini uligonga muhuri." Nikamuuliza kama bado anapiga watoto. Akaangalia viatu vyake. Nilimlea mimi, namjua anapoangalia viatu vyake.

Nimeiandika hiyo barua ya ukweli mara tatu, na mara tatu nimeichana. Nikiipeleka nampoteza mtoto niliyeachiwa na marehemu dada yangu, na kazi yangu imekwisha. Nisipoipeleka, siwezi kusali. Kabula bado yuko shuleni kwangu, siku hizi anakaa dawati la mbele ili amgeuzie mwalimu sikio lililobaki. Akipita nje ya ofisi yangu nainamisha kichwa kwenye makaratasi kama vile nina kazi.

Ijumaa mama yake alikuja kuchukua ripoti. Akaniuliza, "Mwalimu, yule kijana yuko wapi siku hizi?"

Nikasema, "Amerudi Kagera, analima kahawa."

Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, mwalimu. Umewalinda watoto wa wenzako."

Ndugu zangu, mkitaka kunitukana nitukaneni, nimestahili. Lakini kati yenu wapo wenye watoto Nyakato, na shule siwezi kuitaja hapa. Mwambieni huyu mama wa Deo: nyie mngetaka afanye nini kesho asubuhi?