Kazi Yangu Ilikuwa Kushuku

Marekani nililipwa miaka kadhaa nisimwamini mtu. Katika ule mpira wao wa helmeti nilicheza linibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele, anasoma mpira utaelekea wapi, kisha anamwangusha aliyeubeba. Na wapinzani nao wanalipwa wakudanganye. Mmoja anajifanya kumpa mwenzake mpira, kumbe kauficha tumboni. Kocha wetu alituzoeza kutazama viuno: macho hudanganya, mabega hudanganya, ila mtu haendi mahali ambako kiuno chake hakijaelekea. Niliwaangusha wengi hivyo, kichwa mbele, mpaka goti lilipokataa.

Sasa naishi Hillbrow, mtaa wa maghorofa huku kusini mwa Afrika, na mke wangu, Mkongomani mwenzangu, msusi. Nami namshuku. Nikiingia sebuleni anakata simu. Funguo za gari amezificha. Dada yake akija wananong'ona jikoni, nikitokea wanaanza kusifia sombe, kile kisamvu chetu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikajiambia kuna mwanamume.

Jumamosi moja aliaga kwamba anakwenda saluni. Mdomo ulisema saluni, lakini alipofika kwenye robot, taa za kuongozea magari, kiuno kiligeukia upande mwingine. Nikamfuata kwa mbali, jitu zima nikijibanza nyuma ya meza za wauza nyanya, nao wakinicheka. Akaingia kwenye jengo la ghorofa. Nikapanda ngazi nikipanga maneno ya kumwambia huyo bwana.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa kliniki, ananisubiri.

"Humu kuna nani?" nikafoka.

"Docteur wa kichwa, Papa. Ni wako."

"Na kwa nini unanificha?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikukufichaka. Nilikuambia juzi, nikakuambia na jana. Unaitika vizuri, unanishukuru, halafu kesho yake unaniuliza ninakuficha nini. Eish, leo nikaona ninyamaze tu. Nilijua utanifuata."

Nikaitafuta juzi kichwani mwangu. Nikaitafuta jana. Niliikumbuka mechi yangu ya kwanza, kelele za uwanja, hata harufu ya nyasi usoni. Jana haikuwepo. Niliogopa, nikamshika mke wangu mkono kwa nguvu, tukaingia.