Kitambaa Kabla ya Kigingi

Umande haujakauka, na Mama Vigingi ameshalowa hadi magotini. Anashuka bondeni taratibu, panga mkononi, begani mkoba wa vitambaa vyeupe vilivyochanwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Kila anapoonyeshwa, anafunga kimoja kwenye tawi na kusonga mbele. Nyundo yake imebaki garini.

Anayemjua atashangaa, maana jina hilo la utani alilipata kwa nyundo hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa kibarua wa kikosi cha wapima barabara, akipigilia vigingi vyekundu pale lami itakapopita. Hulipwa kwa siku aliyoingia kazini. Mvua ikiwazuia, hana ujira.

"Kigingi kikishaingia ardhini, ndugu yangu, basi tena," anasema akikamua upindo wa sketi. "Mkubwa ameshatia sahihi, watu wameshalipwa fidia, nani atakubali kihamishwe? Kitambaa nakifungua tu, nakitia mfukoni. Hakina kinyongo."

Vitambaa vimekuja na utaratibu mpya. Zamani wataalamu wa mazingira waliitwa mwishoni, ramani imeshachorwa na matingatinga yameshaegeshwa. Walichoweza ni kushauri miti ipandwe kando ya lami. Safari hii wameitwa mwanzo kabisa. Barabara hii ya kuuzunguka mji ina njia tatu mezani, zote bado mistari ya penseli, na kila moja inatembelewa kwa miguu kabla haijachaguliwa.

Anayewaongoza ni mtaalamu kijana, mwanamke, ambaye kikosi kimembatiza Bibi Vyura, kwa sababu kila penye maji huwanyamazisha wote apate kusikiliza vyura.

"Leo wamesemaje? Wameikubali barabara?" mpima mkuu anamchokoza.

"Wanauliza wewe utahamia wapi," Bibi Vyura anamjibu bila kuinua kichwa.

Wenzake wanacheka. Mama Vigingi amesimama kando ya kijito kinachopita chini ya bonde, maji yakiruka juu ya vijiwe. Njia ya tatu, fupi kuliko zote na nafuu kuliko zote, inapita hapa hapa.

"Sikiliza," anasema. "Kwetu kulikuwa hivi hivi."

Kwao kulikuwa na kijito nyuma ya nyumba. Mama yake alifua humo na kuwaogesha watoto sita humo. Barabara ilipokuja, kijito kikaingizwa kwenye bomba chini ya lami, na bomba lenyewe jembamba. Masika ya kwanza maji yakafurika hadi vyumbani. Kiangazi kilichofuata hapakuwa na tone, na familia ikahama.

Leo mama huyo haoni tena. Anaishi na bintiye huyu katika chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja, godoro la kukunja na dirisha linalotikisika kila lori likipita.

"Watu wanadhani nikikaa kimya namuwaza marehemu mume wangu," anasema bibi kizee huyo, mikono mapajani. "Namkumbuka, Mungu amrehemu. Lakini yule bwana alikuwa mkali. Maji hayakunigombeza hata siku moja." Anatabasamu, kisha tabasamu linapotea. "Nina hamu nayo, mwanangu. Kumwambia mtu una hamu ya mto, si atakuona umerukwa na akili?"

Bintiye, Mama Vigingi, hana ugomvi na barabara. "Imenilisha. Mwanangu wa kwanza alizaliwa salama kwa sababu gari liliwahi kufika hospitali. Sisemi zisijengwe. Nasema waulize mapema. Samaki mkunje angali mbichi."

Mpima mkuu naye hafichi ukweli. Njia ya juu, mojawapo ya zile tatu, inazunguka kilima, ni ndefu, na itakula fedha nyingi. "Wakubwa wataangalia gharama, hilo halina ubishi," anasema. "Tofauti ni kwamba sasa hasara ya kuua bonde inatiwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Zamani iliandikwa sifuri."

Kikao cha kuchagua njia ni mwezi ujao. Vibarua hawaalikwi.

"Nitajua tu," anasema Mama Vigingi. "Wataniambia nichukue nyundo niende upande gani."

Na akiambiwa aje huku?

"Nitapigilia. Nisipopigilia mimi atapigilia mwenzangu, na mwenye nyumba anataka kodi yake." Anainama, anachota maji kwa kiganja na kunawa uso, ingawa hajatoka jasho.

Jumapili hii anakusudia kukodi pikipiki imlete mama yake hadi ukingoni mwa bonde, kisha ambebe mgongoni kuteremka naye hadi kijitoni. Mama huyo hajaambiwa, anajua tu kwamba wanakwenda kumsalimia mtu.

Kwa nini asisubiri kwanza kikao kiamue?

"Kile cha kwetu tuliamka asubuhi tukakuta kimeshafukiwa," anasema. "Hiki wakikiacha, nitamleta kila Jumapili mpaka achoke yeye. Wasipokiacha, angalau mama yangu atakuwa amekiaga."