Tuta la Mpakani

Watu wakianza kubishana kama ni dini inayowagawa wanadamu, mimi huaga nikachungulie mbuzi wangu. Sina mbuzi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimehitimu shule ya jioni. Nilisoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia chumvi. Kijijini kwetu, karibu na Kalenga, nikikohoa tu kanisani wazee wananyamaza wasikie ninasemaje.

Upande wetu wa mto sote tulikuwa Walutheri, isipokuwa jirani yangu, Mkatoliki. Vinyungu vyetu, bustani za bondeni tunazolima kiangazi, vilipakana, na mfereji tuliuzibua pamoja.

“Mnyalukolo,” ananitania, akiniita ndugu kwa Kihehe, “maji haya yameanzia kwangu. Yanakufikia yameshabatizwa!”

“Ndiyo maana mahindi yangu yanayumba,” namjibu. “Yamelewa ulanzi wako!”

Kiangazi kimoja nikaona tuta la mpakani limesogea kwangu. Upana wa unyayo, lakini machoni pangu ndege ingetua. Sikumwambia neno. Nikanuna kwa moyo wote.

Mwezi haujaisha, mama yake akafariki. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Mfiwa hashiki jembe. Vijana walishaweka majembe begani, wakapita kwangu kuniuliza, maana msomi ni mimi.

“Baba, twende? Wanasema pombe ya mianzi itakuwepo.”

Nikafungua Biblia, nikaikazia macho kwa uzito wa maaskofu saba. Sikusoma hata herufi. Nilikuwa naliona tuta.

“Msiba wa walevi si wetu,” nikasema.

Wakarudisha majembe nyumbani.

Kutoka uani kwangu nilimwona jirani akimchimbia mama yake kaburi, peke yake. Anainama, anainuka, anazidi kuzama, mwisho ikabaki kofia tu. Wakatoliki wenzake wa ng’ambo ya mto walipofika na jeneza, alikuwa amemaliza.

Baadaye nilichukua kamba nikapima kinyungu changu, kutoka mfereji hadi mpakani. Nikapima mara kumi, labda mia. Tuta lilikuwa palepale tulipoliweka sote wawili.

Naye hakukaa. Alihamia Mbeya. Baada ya miaka michache nilipanda lori na magunia ya vitunguu kwenda huko, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumwomba radhi. Nilimkuta. Alinikumbatia, akanikalisha kwenye kiti chake, mkewe akaleta chai ya maziwa.

“Kuhusu msiba wa mama,” nikaanza.

“Aa, mnyalukolo, acha!” akanikatiza. “Niliumia, sikufichi. Lakini nilijiambia, jirani yangu hana ubaya, ni dini yake tu imemfunga mikono. Nilishasamehe. Si ndivyo ilivyokuwa?”

Alinitazama, anangoja. Maneno niliyoyapanga njia nzima nilikuwa nayo yote.

“Ndivyo,” nikasema. “Dini yetu ina masharti.”

Akaniongezea chai.