Nchi Iliyokatwa kwa Makasi

Pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu, harufu yake hunirudisha Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, chini ya meza ya Papa, baba yangu, fundi cherehani. Hapo nilichora nchi yangu kwa chaki ya bluu kwenye karatasi kubwa ya kahawia: mito saba, milima, mji wenye ngazi badala ya barabara. Sikujua kwamba karatasi ile ilikuwa ya kukatia vipimo vya nguo.

“Nani alichafula karatasi yangu?”

“Ni inchi yangu, Papa.”

Mwanamke mmoja mchuuzi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akisubiri kushonewa gauni, robe yake, akaitazama. “Na duwane iko wapi? Hakuna wa kufungua kikapo yangu kwa mpaka na kuomba kodi? Mi nahamia kule leo!”

Papa hakucheka. “Iyi karatasi ni ya robe ya huyu Maman,” alisema, akashika makasi.

Niliilalia ramani. Akaninyanyua, akakata: mgongo, kola, mikono miwili.

“Sasa inchi iko wapi?”

Alipovitandaza vile vipande juu ya kitambaa cha robe, niliokota chaki, nikachora mawimbi katikati yake, kwenye kitambaa chenyewe.

“Iko pale pale, Papa. Sasa ni visiwa.”