Kava la Mchungaji na Vitambaa Vyeupe

Katika usharika wetu wapo watoto kumi na wawili ambao picha zao za kipaimara zina doa jekundu kichwani, na doa hilo, naomba niliseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na jirani, nililiandaa mimi, kwa utulivu kabisa, nikiwa nimekaa barazani kwangu Mwananyamala nakunywa chai ya tangawizi.

Mimi ni mtu wa ofisini, chuo kikuu nilisomea mipango (na mipango, mtaona, ndiyo iliyonishinda), lakini kwa miaka kadhaa sasa raha yangu kubwa ni ngozi: kuilowesha, kuigonga nakshi kwa nyundo ndogo, kuona jani likiinuka pale ambapo hapakuwa na kitu. Hivyo kwaya yetu ya akina mama ilipotaka kumpa Mchungaji zawadi siku ya kipaimara, niliinua mkono nikasema nitamtengenezea kava la Biblia lenye nakshi za masuke ya ngano. Mwenyekiti wetu, Mama Kileo, ambaye anauza vitenge na hajawahi kudanganywa rangi, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Mama Doris, wewe msomi. Ngozi ina wenyewe."

"Nipe nafasi, dada."

"Haya. Ila lifanane na sare yetu. Mie rangi ya karibu-karibu sitaki."

Sare yetu ilikuwa kitenge cha rangi ya damu ya mzee, na tangu siku hiyo, nakiri, sikutafuta tena uzuri wa kazi bali namna ya kumnyamazisha Mama Kileo mbele ya kwaya nzima, asije akaniita tena msomi kwa sauti ile.

Sasa, ngozi ni kaidi. Ukiipaka rangi, ikiwa bado mbichi inaonekana imekolea, ikikauka inapauka. Basi nikapaka mara ya pili, ya tatu, ya nne, rangi ikijaa kwenye mifereji ya nakshi, hadi Jumamosi alasiri nilipoliweka kava juu ya kitenge nikashindwa kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Ilibaki kazi ya mwisho, kufuta rangi iliyozidi na kupaka nta ya kuifunga isitoke. Nikaijaribu nta kwenye kipande kilichobaki, kikageuka rangi ya kahawa iliyoungua. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nta niiache, na kufuta nako nifute kwa kupapasa tu, nisije nikaipunguza rangi niliyoisumbukia wiki nzima. (Nilijiambia kwamba Biblia hainyeshewi mvua.)

Jumapili joto lilikuwa la kumtoa nyoka pangoni, na feni za kanisa zilikuwa zinazungusha joto lile lile. Mchungaji alifungua zawadi, akaivika Biblia yake papo hapo, akaiinua watu waione. Mama Kileo akashika upindo wa kitenge chake, akalinganisha kwa mbali, kisha akanigeukia na kutikisa kichwa mara moja, taratibu, kukubali. Nilijisikia kama nimepata shahada nyingine.

Mchungaji akahubiri na ile Biblia mkononi kwa muda mrefu, viganja vikitoka jasho kama vyetu sote, kisha akaiweka chini, akashuka kuwawekea mikono watoto, wasichana wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani na wavulana wamenyolewa vizuri. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sala. Nilipoyafumbua, alikuwa ameshamfikia wa kumi na mbili, na njiani alikuwa amejifuta paji la uso mara mbili. Bibi mmoja, mgeni aliyetoka Bukoba kwa ajili ya mjukuu wake, akasimama.

"Jamani, watoto wanatoka damu. Na Mchungaji naye."

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Ningeweza kubaki nimekaa, lakini nilitoka mbio na chupa yangu ya maji na leso, nikaanza kumfuta binti wa kwanza, na maji yale yakaichukua rangi yakaitandaza mpaka doa la viganja viwili likawa kitambaa kizima cha waridi. Yule binti akaniangalia kwa huruma.

"Shangazi, acha tu."

Mchungaji akatazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Hii ni rangi ya nini?"

"Ya kava, Mchungaji. Ni mie. Sikuimalizia kazi."

Nilisema hivyo mbele ya usharika wote, huku Mama Kileo akiwa hatua tatu nyuma yangu. Mchungaji akaomba sabuni, akanawa, akarudi kuwawekea mikono wawili waliobaki. Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni kumwomba radhi kila mzazi, na wengi walicheka, ila mama wa mmojawapo wa wale wawili alinivuta pembeni akaniuliza, kwa uchungu wa kweli, kwa nini wa kwake hana alama kama wenzake.

Siku ya Jumatano Mchungaji alileta kava barazani kwangu. "Nimekuletea kazi yako uimalizie," akasema, akakaa, akakaribishwa chai. Mama Kileo alikuja naye. Nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikabadilisha kitambaa, nikafuta tena, mpaka kikatoka safi, kisha nikapaka nta. Wekundu ukazama, masuke ya ngano yakasimama kama hayajawahi kusimama. Mama Kileo akalishika, akalisugua kwa kidole gumba, akakitazama kidole.

"Halifanani na sare."

"Halifanani," nikakubali.

"Ila limekuwa la fundi." Akanirudishia kava. "Na mie nitengenezee la kwangu. Liwe jeusi."

Nimemtengenezea. Na nimejiapiza kwamba rangi yoyote nitakayoipenda kabla ya nta nitaihesabu kuwa bado sijaiona, na kwamba hakuna kazi itakayovuka mlango wangu kabla sijaisugua kwa leso nyeupe, leso yangu mimi, nyumbani kwangu, pasipo mashahidi.