Maji Nyuma ya Daktari Hedwig

Mpangaji wangu Hedwig, daktari wa watoto kutoka mji wa Breslau, alitembea kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha. Ukungu ukipanda kutoka mlango wa bahari wa Bosfori, alisimama dirishani na glasi ya chai mpaka ikapoa, akaniitikia wakati sijamwita. Mimi Mebrure, mjane Mturuki wa Üsküdar, sina subira na watu wa namna hiyo. Yeye nilimpenda.

Kwao walimfukuza hospitalini kwa kuwa ni Myahudi. Mwanasayansi mmoja mashuhuri, naye mkimbizi, aliiandikia serikali yetu akiwaombea madaktari na maprofesa waliofukuzwa, ndipo Hedwig akapata kazi hapa. Mumewe Julius, daktari wa upasuaji, alibaki akimuuguza mama yake. Mama alipofariki, milango ya kutoka nchini mwao ilikuwa inafungwa. Yule mwanasayansi akaandika tena, na Ankara, makao makuu ya serikali, wakamwita Hedwig aje amwombee mumewe mbele ya mkubwa wa wizara. Akikosa treni ya siku hiyo, basi tena.

Alfajiri akatoka na sanduku lake. Nikachota ndoo, nikamwaga maji barabarani nyuma yake, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu.

Akageuka. Akaliweka sanduku chini, akalikalia.

"Mama Mebrure, nimekukosea nini?"

"Umenikosea kwa kukaa hapo. Treni haikungoji."

"Siku niliyoondoka Breslau, jirani yangu alitoka na ndoo, akaosha ngazi kila nilipokanyaga. Wanawe wote niliwatibu mimi."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwasha. Nilimkasirikia yule mwanamke, na Hedwig naye kidogo.

"Usomi wote huo, na maji huyajui? Haya ni ya kukurudisha, mwanangu. Uende kama maji, urudi kama maji. Nisiyemtaka arudi simpotezei hata kikombe."

Akainuka, ukungu ukimpita miguuni. Kisha akauliza taratibu, "Na mtu ambaye hajawahi kufika hapa, humwagiwa?"

Hakuna anayefanya hivyo. Nikaenda kuchota ndoo nyingine, nikammwagia Julius, mwanamume nisiyemjua hata kwa picha. Majirani wakaniona nimechanganyikiwa. Hedwig aliondoka mbio, viatu vimelowa chapachapa.

Wizara ilikubali. Majani yalipoanza kupukutika, Julius alishuka stesheni ya Sirkeci katikati ya moshi wa treni, amekonda, kofia mkononi. Hedwig alimkimbilia, akamshika mashavu, maneno yakamtoka mfululizo: karibu, mbona umechelewa, umekula nini njiani, twende nyumbani, Mama Mebrure amekupikia dengu. Julius alimsikiliza huku machozi yakimtiririka, asielewe hata neno moja. Mkewe alikuwa anamsemesha Kituruki, na mwenyewe hana habari.