Siku Viazi Vilipoota Mwezini

Mwezi wa tano nilikuwa kwenye duka la kuchapa hapa Makambako, kwenye foleni, nyuma ya mama mmoja mkulima kutoka Njombe. Alikuwa ameleta hadithi yake ya kwanza ichapwe iwe kijitabu, hadithi ya watu watakaohamia mwezini, huko juu angani.

Mchapaji akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Mama, hii sikukuu yao ya tarehe kumi Juni nani anaijua? Tuweke Desemba tisa, siku ya Uhuru."

"Usiiguse," mama akasema, akikaza kitenge chake. "Siku hiyo ndiyo viazi vilipoota mwezini."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua karatasi akatusomea: watu wamekula vidonge mpaka watoto hawajui kutafuna. Mwanamke wa Kibena anapanda viazi kwenye banda la vioo, baridi inaviua, anapanda tena. Asubuhi ya tarehe kumi anaona jani moja la kijani, anapiga vigelegele mpaka mji wote unaamka.

Kicheko kiliisha. Sisi wa huku tunaijua baridi inayounguza shamba zima. Baba mmoja kutoka Ludewa akauliza taratibu, "Na hilo jani, mama, halikufa?"

"Halikufa, baba."

Yule baba akapiga makofi, nasi tukamfuata. Mchapaji akaiacha tarehe.

Tarehe kumi ilipofika, nilipita tena. Vijitabu vyote vilikuwa vimenunuliwa, na mchapaji alikuwa anakula viazi vya kuchemsha juu ya kaunta. Akanisogezea sahani.

"Karibu, leo sikukuu."

Serikali haijaitangaza bado, lakini nilikula viwili.